Cheni ya Gari la Mama Pacha

Kama kuna mtu aliyeumbwa akasahauliwa kutiwa maneno, basi ni huyu fundi magari ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kimya. Si kwamba alikuwa bubu. Akiinamia injini alizungumza nayo vizuri tu: "Haya bibi, taratibu, usinimwagie mafuta usoni." Binadamu ndio waliompa tabu. Mteja angeeleza ugonjwa wa gari lake tangu siku alipolinunua hadi siku shemeji yake alipoliazima akalirudisha likikohoa, na Fundi Kimya angemsikiliza mpaka mwisho, kisha aseme, "Liache." Basi. Ukirudi, gari limepona. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wa huyu waliusubiri miaka nenda miaka rudi, wakachoka.

Aliyesema kwa niaba ya nyumba nzima alikuwa mkewe, mshonaji wa sare za shule, aliyeitwa Mama Pacha kwa ajili ya wale mapacha aliowazaa na ambao sasa wana nyumba zao mbali. Yeye ndiye aliyepokea wateja, akawatania, akawatuliza wenye hasira. Mume aliposema "Liache," mke aliongeza, "Anamaanisha pole sana, ndugu yangu, na usiwe na wasiwasi." Waliishi hivyo wakazeeka hivyo, mmoja anasema, mwingine anaitikia kwa kichwa, na kwa kweli walipendana, ingawa ni mmoja tu aliyewahi kulitamka jambo hilo.

Karakana ilikuwa uani, chini ya paa la mabati, hatua chache kutoka dirisha la jikoni. Na kama ujuavyo, mganga hajigangi. Magari ya watu yalitoka pale yakinguruma kwa furaha, lakini bomba la jikoni lilidondosha maji kwenye beseni usiku na mchana, mlango wa stoo ulifungwa kwa kitambaa, na gari la Mama Pacha mwenyewe, gari dogo kuukuu alilolinunua kwa jasho la cherehani yake, daima lilikuwa la mwisho kwenye foleni. Mteja akiuliza, jibu lilikuwa "kesho asubuhi." Mke akiuliza, jibu lilikuwa "wiki ijayo." Wanaume wa namna hii wapo wengi, na cha ajabu karibu wote ni waume za watu.

Mama Pacha aliyavumilia hayo yote, akayafanyia hata mzaha. Kilichomshinda ni msiba.

Mume wa dada yake mkubwa alifariki. Dada huyo aliishi mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima. Wakapatana kwamba wataondoka pamoja alfajiri. Kumbe alfajiri hiyo hiyo lilivutwa pale uani gari la kusambazia mikate, mwenyewe karibu kulia, anaapa kwamba asipopeleka mikate atapoteza maduka yote. Fundi Kimya alitazama gari, akamtazama mkewe aliyekwisha kujifunga kitambaa kichwani, akasema, "Tangulia. Nitakuja." Mama Pacha akapanda basi peke yake. Nyuma huku, injini ikafunguliwa, ikakutwa na ugonjwa mwingine, na huo nao ukawa na mtoto wake. Hakwenda. Kule msibani kila aliyempa mkono mkewe aliuliza, "Na mwenzako?" Mama Pacha akadanganya, akadanganya, hata uongo ukamwishia, akabaki kuangalia chini.

Aliporudi alisema sentensi moja tu: "Ningekuwa gari, ungenisikia." Kisha akanyamaza.

Hapo ndipo Fundi Kimya alipojua nyumba bila maneno ikoje. Chakula kililetwa, maji ya kuoga yalipashwa, nguo zilifuliwa, lakini yule mtu wa stori alikuwa amefunga mdomo kama aliyeushona kwa cherehani yake mwenyewe. Kukaa kimya ni raha pale mwingine anaposema. Wakikaa kimya wawili, hata bomba linalovuja linakuwa mgeni wa kumshukuru.

Halafu asubuhi moja, akimwekea chai, Mama Pacha alisema, "Nakwenda kukaa kwa dada. Yuko peke yake sasa."

Fundi alisubiri aongeze atarudi lini. Hakuongeza. Na yeye, kwa ubaridi wa ulimi wake, hakuuliza. Alikunywa chai ile ikamuunguza, akanyanyuka akaenda kwenye gari la mikate, ambalo lilikuwa limerudi tena. Kwenda kutembea ni jambo moja na kwenda kukaa ni jambo jingine, mtoto mdogo analijua hilo. Siku nzima neno "kukaa" lilimzunguka kichwani, na mara mbili alifunga boliti upande usiofaa.

Siku ya kuamkia safari Mama Pacha alikwisha kufungasha. Alitoka hadi mlango wa jikoni, hakufika karakana, akasema kwa sauti ya mteja, "Liangalie lile gari langu. Asubuhi linalia. Nadhani ni cheni. Kesho naondoka nalo." Akaingia ndani.

Cheni aliyoitaja ni ile ya taimingi, iliyofichwa mbele ya injini, inayounganisha mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni na ule wa juu unaofungua na kufunga vali. Ikiwa nzima, juu na chini hucheza ngoma moja. Ikichakaa hurefuka, ikalegea, wa chini akatangulia na wa juu akachelewa, na siku ikiruka meno yake njiani, vali na pistoni hugongana na injini huwa chuma cha kupimwa kwa kilo. Mtu haanzi safari ya kutwa na cheni ya kubahatisha.

Fundi aliwasha gari likiwa baridi, akasikiliza. Lilivuma kama gari lolote la umri ule linavyovuma. Hakusikia kelele ya cheni. Lakini alijijua: moyo wenyewe ulikuwa unapiga makelele, asingeweza kuliamini sikio. Dawa ni kupima.

Na hapo, gari likiwa limeinuliwa juu ya stendi za chuma, wakati anatoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, shetani akamkalia begani. Akamwambia: wewe si fundi? Sema cheni imechoka. Nani atakupinga? Sema vipuri vya gari la zamani hivi havipatikani siku hizi, vinaagizwa mbali. Gari litakaa juu ya stendi, na mwenye gari atakaa nyumbani. Fundi Kimya hakuwahi kumdanganya mteja maishani mwake. Alisimama na plagi mkononi kitambo kirefu, na wazo lile, nasema kweli, lilikuwa tamu.

Alilifukuza kwa kufanya kazi. Na kazi yenyewe ina tabia moja: haifanyiki na mtu mmoja. Mmoja analala chini mbele ya gari na spana ndefu kwenye boliti ya puli, lile gurudumu la mhimili wa chini. Mwingine anasimama juu, kifuniko cha disitributa, kigawa moto wa plagi, kikiwa kimetolewa, akikodolea macho kile kidude kinachoitwa rota, kinachozungushwa na mhimili wa juu. Wa chini anazungusha injini mbele mpaka cheni ikaze na alama ya puli ifike sifuri. Kisha anairudisha nyuma polepole, unywele kwa unywele. Cheni ikiwa imelegea, puli inarudi lakini rota imetulia tuli, maana ule ulegevu haujamalizika. Rota ikitikisika tu, wa juu anaita, "Hapo!" na wa chini anasoma puli imerudi digrii ngapi. Chini ya tano, nenda salama. Zaidi ya kumi, usitoke hata getini.

Kwa miaka yote, aliyesimama juu na kuita "Hapo!" alikuwa Mama Pacha. Angeacha cherehani, aje na miwani yake ya kushonea, aite, arudi kwenye vifungo vyake. Jicho lililozoea tundu la sindano halipitwi na rota. Lakini leo angemwitaje?

Akajaribu peke yake. Akafunga kioo cha kunyolea juu ya disitributa kwa waya, ili aione rota akiwa chini. Akalala, akashika spana, akatazama juu: akaona uso wake mwenyewe, una grisi na huzuni. Akakigeuza, akaona bati. Mara ya tatu kioo kilimwangukia tumboni.

Ikabidi amwite jirani yake kinyozi, mtu mwenye kichwa kama kichaka, maana naye hajinyoi. Kinyozi alikuja haraka, alipenda mambo ya watu.

"Tazama hicho kidude," Fundi alimwambia kutoka chini. "Kikicheza, sema 'hapo'."

"Kazi ndogo hiyo! Lakini jirani, ni kweli shemeji anahama?"

"Tazama kidude."

"Natazama. Maana wateja wangu wanasema ameshafungasha. Nikawaambia hapana, wale ni chanda na pete. Hapo! Au basi, nzi huyo."

Wakaanza upya. Safari hii kinyozi aliita puli ikiwa imerudi digrii ishirini, kwa sababu kuna mtu alipita barabarani akamsalimia. Nyingine aliita hata kabla spana haijasogea, eti aliona dalili. Fundi Kimya alilala pale chini na vipimo vitatu visivyojuana hata kwa jina.

"Asante, jirani," akasema. "Nenda, kuna mteja anakusubiri."

"Hakuna mteja."

"Atakuja."

Kinyozi akacheka, akaenda zake. Fundi alibaki amelala juu ya kipande cha turubai, spana kifuani, akitazama tumbo la injini. Alikuwa amechoka namna isiyohusiana na kazi.

Kisha akasikia kandambili.

Kutoka pale chini aliona miguu tu. Ilisimama mahali pake, karibu na bampa, pale iliposimama miaka yote. Mama Pacha hakusalimu. Alisikika akivuta miwani kwenye kisanduku chake.

"Zungusha," akasema.

Fundi alishtuka akajikwaruza kidole. Akazungusha mbele mpaka cheni ikakaza, alama ikaja sifuri. Akaanza kuirudisha nyuma polepole.

Sasa lazima tuuzungumzie mkono wa fundi. Mkono uliozungusha spana maisha yake yote una akili zake. Ulegevu wa cheni ukiisha, spana inakuwa nzito kidogo, kitu kidogo sana, kama mtoto aliyekushika upindo wa nguo. Puli ilipofika kwenye nne, mkono wa Fundi Kimya ulishikwa. Akangoja sauti. Haikuja. Akaendelea. Sita. Tisa. Kumi na mbili.

"Hapo," akasema Mama Pacha.

Fundi alisoma kumi na nne. Alikunja uso. "Miwani unayo?"

"Ninayo."

"Tena."

Wakarudia. Mkono ukashikwa kwenye nne vile vile, na sauti ikaja kwenye kumi na nne, au labda zaidi. Kinyozi, sawa, lakini huyu? Huyu mwanamke aliyeona uzi mmoja uliovuka mshono akiwa mwisho wa chumba?

"Tena," akasema fundi, na safari hii alipofika mahali mkono uliposhikwa alisogeza kidogo tu kupita hapo, akasimamisha spana. Rota ilikuwa imekwisha kucheza, angeapa kwa hilo.

"Imetikisika?"

"Bado," akasema Mama Pacha.

Fundi aliigeukia miguu ile. Mguu wa kulia ulikuwa umepanda juu ya wa kushoto, unausugua, unausugua. Ndivyo ulivyofanya siku mapacha walipovunja taa ya gari la mteja na mama yao akasema ni paka. Mama Pacha alikuwa mjuzi wa kila kitu isipokuwa kuutuliza mguu ule wakati wa uongo.

Hapo fundi akaelewa. Hakuna kelele ya asubuhi. Haijawahi kuwapo. Cheni ilikuwa nzima, na mke wake alikuwa amesimama juu ya injini akiizeesha kwa makusudi, digrii baada ya digrii, ili asiondoke.

Kwanza alifurahi, furaha ya kitoto. Si ndilo alilolitaka? Yule shetani wa begani hakuhitaji hata kusema, kazi imefanywa na mwingine. Angetoa kichwa tu, aseme, "Cheni imechoka, safari haiwezekani," na mambo yangeisha. Angebaki. Halafu? Halafu chai ingeletwa, nguo zingefuliwa, bomba lingedondosha maji, na wawili wangeendelea kukaa ndani ya nyumba moja wakitunza uongo mmoja, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme. Na dada mtu kule angebaki peke yake kwa sababu ya watu wazima wawili wasiojua kusema. Fundi Kimya aliliona hilo waziwazi, akaona aibu, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa chini ya gari lolote.

"Mama Pacha."

"Mm."

"Cheni ni nzima."

Mguu ukaacha kusugua. "Nimesema bado haijatikisika."

"Nimekusikia. Imetikisika kwenye nne. Ni nzima kuliko mimi. Itakufikisha kwa dada na itakurudisha, ukitaka kurudi." Ni afadhali kusema haya umelala, ukiwa huoni uso wa mtu. "Mimi ndiye sitaki uende ukae. Sitaki kabisa. Sijui kula bila wewe kunisema."

Mbwa alibweka mahali. Fundi alidhani labda hakusikika, akafungua mdomo aseme tena, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Toka huko chini," akasema Mama Pacha, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Hayo huliambii bampa. Toka unitazame."

Akatoka kwa haraka ya kijinga, akagonga kichwa, akasimama mbele yake anajishika paji la uso kwa mkono wa grisi. Alimtazama. Macho ya mkewe yalikuwa mekundu nyuma ya miwani.

"Siku ya mazishi nilipaswa kuja," akasema. "Ningeiacha ile mikate ikachacha. Walikuwa wanakuuliza mimi niko wapi, na mimi nilikuwa hapa nafunga boliti. Nisamehe."

Mama Pacha alivua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo, akafuta na macho kwa upindo huo huo. "Uliniacha peke yangu siku ile," akasema. "Nilijiona mjane kuliko dada."

"Najua."

"Hujui. Lakini sasa umesema."

Akakitwaa kifuniko cha disitributa, akakirudisha mahali pake mwenyewe, akabana vibanio viwili kama mtu wa kazi. Kisha akasema bila kumwangalia, "Dada nimemwahidi. Kesho naenda, hilo halibadiliki. Yuko peke yake katika nyumba ile kubwa."

Moyo wa fundi ulishuka, lakini safari hii haukumfunga ulimi. "Basi twende wote."

"Na gari la mikate?"

Fundi aligeuka akalitazama. Lilikuwa limesimama kwenye kona ya ua, boneti wazi, limekenua. Mwenyewe angepiga simu, angeapa, karibu angelia. Fundi Kimya alilijua kila neno atakaloambiwa, na kwa mara ya kwanza hakuona kama lazima amwokoe.

"Litasubiri," akasema. "Wiki ijayo."

Mama Pacha alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kilichotoka kwa kujikwaa, lakini kinyozi alikisikia upande wa pili wa ukuta akazima mashine ya kunyolea ili asikose kitu.

Fundi alirudisha plagi, akashusha gari, akaenda kunawa kwa sabuni ya unga mpaka viwiko. Akaingia chumbani kujitayarishia nguo, jambo geni kwake, akafungua kabati. Akasogeza hangeri hili, akasogeza lile. Akapekua chini, akapekua juu. Hakukuwa na shati lake hata moja la kutokea, ila lile la karakana lililochanika kwapa. Akasimama pale mikono ikichuruzika maji.

"Mama Pacha!" akaita. "Shati langu la bluu liko wapi?"

Kutoka jikoni ikaja sauti ya mkewe.

"Liko kwenye begi," akajibu. "Na suruali zako, na ile dawa yako ya presha. Nilivitia tangu juzi."